Nyanya Amerudi na Goti Jipya

Ujumbe huu ni wako, mama uliye jikoni hapo Keumbu, na wako pia, binti unayemtunza nyanya aliyebadilishiwa goti au nyonga. Daktari wa mifupa ameondoa sehemu iliyolika, akaweka ya chuma na plastiki. Sasa yuko nyumbani, na kazi iliyobaki ni yako.

Majuma mawili ya kwanza ndiyo magumu. Wengi wetu humfichia mgonjwa dawa tukisema atazizoea, au tunangoja mpaka alie. Maumivu yakishapanda, kuyateremsha ni shida. Mpe dawa kwa saa zake, jinsi alivyoandikiwa, na dozi moja iangukie kama nusu saa kabla ya mazoezi. Panadol za miligramu 500 zisizidi 8 kwa saa 24, na dawa nyingi za homa za dukani zina panadol ndani, kwa hiyo usizichanganye. Brufen na diclofenac usimwongezee mwenyewe, hasa akiwa na presha, vidonda vya tumbo au figo dhaifu. Tramadol humfanya asinzie na kufunga choo. Mpe maji ya kutosha, uji wa wimbi na chinsaga.

Goti likivimba, funga chupa ya maji ya barafu kwa kitambaa, uiweke dakika 15 hadi 20, kidonda kisilowe. Mto uwe chini ya kisigino. Atakuomba uuweke chini ya goti kwa sababu anapata nafuu. Kataa kwa upole, goti litakauka likiwa limekunjika. Na yule jirani hodari wa kukanda, mpe chai, lakini asiguse mguu.

Atembee kila siku, hata kidogo. Njia zetu za milimani huteleza, basi aanzie uani palipo tambarare. Aliyebadilishiwa nyonga asikalie kigoda cha jikoni wala kuchuchumaa chooni. Mwombe seremala atoboe kiti kirefu katikati.

Maumivu hupungua wiki kwa wiki. Yakizidi, au kidonda kikitoa usaha, au akipata homa, au shavu la mguu likivimba na kuuma, huenda ni maambukizi au damu imeganda. Usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali ya Keumbu siku hiyo hiyo. Akikosa pumzi ghafla au kifua kikimchoma, tafuta gari hata kama ni usiku wa manane, umpeleke hospitali ya rufaa ya Kisii.