Miguu Yetu Ndiyo Mali Yetu: Kuchagua Mabuti ya Pikipiki kwa Siku za Mvua

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya waendesha pikipiki na wafanyakazi wengine, kwanza Lodwar na halafu Kakuma. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wanachama walioshindwa kufika.)



Huenda wengine wenu wanajiuliza, watu wa reli wana neno gani la kuwaambia watu wa Turkana, ambako reli haijafika? Ni kweli, njia ya gari moshi iliishia Kitale. Lakini kazi ya kuchukua watu na mizigo ni kazi moja. Mahali lori linapokomea, pikipiki ndipo inapoanza. Mama mjamzito wa Kalobeyei, gunia la unga la Kakuma, dawa ya mifugo ya kijiji cha mbali, vyote hivi leo hupanda pikipiki. Basi ninyi na sisi tu ndugu wa kazi.

Tena, jambo moja sisi watu wa reli twalijua vizuri, nalo ni buti. Mtengenezaji wa njia hubeba mataruma, hukanyaga kokoto kutwa nzima, na katika karakana sakafu ina mafuta. Chuma kikimwangukia mtu mguuni hakuna dawa ya kurudisha vidole. Kwa hiyo vyama vya wafanyakazi havikuchoka kudai mabuti, tangu siku za wazee wetu. Hatukuja kuwafundisha kuendesha pikipiki. Tumekuja kusema habari ya mguu.

Tazameni steji yoyote ya hapa Lodwar. Dereva ana kofia, na pengine ana koti la kung'ara, maana sheria ya barabara ya Kenya yavidai vyote viwili. Chini amevaa nini? Akala, au kandambili. Hatuwacheki. Akala ni kiatu cha akili, hakichomwi na miiba kwa urahisi, hupitisha hewa katika joto hili, na bei yake ni ndogo. Kwa mtu atembeaye na mbuzi hakina mwenziwe. Lakini kwenye pikipiki hakikingi kifundo, wala muundi, wala vidole. Na mvua inaponyesha, mguu uliolowa huteleza ndani ya akala, na akala huteleza juu ya chuma cha kukanyagia.

Mguu ndio huumia zaidi katika ajali za pikipiki zisizoua. Sababu yake si vigumu kuiona. Pikipiki ikianza kulala, dereva hutupa mguu chini aizuie, na uzito wote humwangukia kifundoni. Ikianguka kabisa, mguu hubaki kati ya mashine na ardhi, karibu na bomba la moshi lenye moto. Na mfupa wa muundi hauna nyama ya kuufunika mbele. Ukivunjika, mara nyingi hutoboa ngozi, na uchafu huingia. Mtu wa namna hiyo hulala hospitali miezi. Nyumbani nani atawalisha watoto?

Wengine watasema, "Turkana ni jangwa, mabuti ya mvua ya nini?" Ninyi mnajua jibu kuliko sisi. Mvua ya hapa ni haba, lakini ikija huja kwa ghadhabu. Mto Tarach pale Kakuma huweza kuwa mchanga mtupu asubuhi, na jioni ukawa maji mengi, kwa kuwa mvua imenyesha milimani, mbali, ambako hamkuiona. Kawalase hapa Lodwar ni vivyo hivyo. Barabara hugeuka tope, mchanga huwa laini, na miiba ya mathenge huchukuliwa na maji ikafichwa chini ya matope. Kwa hiyo buti la Turkana lina kazi nne: kuzuia maji, kuzuia mwiba, kuzuia pigo, na kuzuia kuteleza. Tuyaangalie mabuti yanayopatikana.

Kwanza, gambuti za mpira. Hizi huzuia maji vizuri na bei yake ni nafuu. Aibu zake ni tatu. Mdomo wake ni mpana, maji yakipita urefu wake huingia na buti likawa ndoo. Hazishiki kifundo, na katika kuanguka huweza kuchomoka. Tena mpira mwembamba hutobolewa na mathenge, na ukigusa bomba la moshi huyeyuka. Lakini ziko gambuti za kazi zenye chuma vidoleni na bamba katika soli. Hizo huandikwa S5. Mtu asiye na uwezo zaidi, na anunue hizo, zisiwe kubwa kupita mguu wake.

Pili, mabuti ya kazi ya ngozi, kama tuvaayo sisi. Tafuteni alama S3. Maana yake ni kwamba kofia ya vidole imepimwa kwa pigo la jouli 200, ambalo ni kama kipande cha kilo 20 kilichoanguka kutoka kimo cha mita 1. Soli imewekewa kizuizi cha msumari, na ngozi ya juu huchelewesha maji. Sikilizeni vema, huchelewesha. Haisemi kwamba maji hayatapita kamwe. Zikiongezwa herufi WR, basi buti zima limepimwa majini. Kwa maoni yetu, buti la namna hii, lenye shingo inayopita kifundo, ndilo linalowafaa wengi wenu.

Watu husema kofia ya chuma hukata vidole. Fikirini: pigo lenye nguvu ya kupondaponda chuma kile, lingeviacha vipi vidole vitupu? Neno la kweli kuhusu chuma ni jingine: pua ya buti huwa nene, na pengine haipiti chini ya gia. Basi jaribuni mkiwa juu ya pikipiki. Ikigoma, fundi aweza kuinua gia kidogo.

Tatu, mabuti yenyewe ya pikipiki. Yale yaliyopimwa kwa kanuni ya Ulaya huwa na picha ndogo ya pikipiki, namba EN 13634, na chini yake tarakimu nne, kila moja ni 1 au 2. Ya kwanza ni urefu wa shingo. Ya pili ni kuvumilia kusuguliwa na barabara. Ya tatu ni kuvumilia kukatwa. Ya nne ni soli kutokunjika kwa upande mguu unapobanwa. Namba 2 ni bora kuliko 1. Herufi IPA ni kinga ya kifundo, IPS kinga ya muundi, na WR ni kuzuia maji. Haya ni mazuri kuliko yote, lakini bei yake ni kubwa, na mengi yametengenezwa kwa nchi za baridi. Katika joto la Lodwar mguu hutoka jasho ndani yake hata ukalowa bila mvua. Anayesafiri mbali kila siku, kama vile Lodwar hadi Kakuma, kilomita 120 hivi, atayaona faida. Wa steji ya mjini aweza kufanya kazi na S3.

Nne, mabuti ya mitumba, hasa ya kiaskari. Mengine ni mazuri sana. Lakini likunjeni buti kwa mikono miwili, mtazame kama soli inapasuka. Ziko soli laini ambazo hufa kwa umri hata kama hazikuvaliwa, humeguka kama mkate mkavu. Soli ya namna hiyo msinunue, hata kama ngozi inang'aa.

Sasa, namna ya kuchagua dukani. Neno "haipitishi maji" likiandikwa juu ya kasha si ushahidi. Tazameni ulimi wa buti: ni lazima ushonwe pande zote mbili hadi juu, la sivyo maji yatapitia penye kamba. Tazameni soli iwe na meno ya kutema tope, na kisigino kilicho wazi, ili chuma cha kukanyagia kikae pale. Kamba zisiwe ndefu. Kamba inayoning'inia hushikwa na gia au cheni, nawe ukashindwa kutoa mguu chini. Zichomekeni ndani, au mchague buti lenye kifuniko juu ya kamba.

Nunueni jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kazi ya siku, na mvae soksi mtakazovaa kazini. Vidole vicheze, kisigino kisipande. Halafu patana na mwenye duka kwamba utalirudisha likivuja. Nyumbani weka karatasi kavu ndani, simamisha buti katika karai la maji hadi kifundoni, robo saa. Karatasi ikitoka kavu, umepata buti.

Kulivaa nako kuna kanuni. Suruali ya mvua hukaa nje ya buti, haichomekwi ndani. Ukichomeka, maji ya mwili mzima yatateremka mguuni. Buti likilowa, lijazeni magazeti, mlianike kivulini, si karibu na moto, kwa maana ngozi iliyokaushwa kwa moto hupasuka. Lipakeni nta au rangi ya viatu mara kwa mara, hasa penye mishono. Na asubuhi, kabla ya kuingiza mguu, likung'uteni. Nge wa nchi hii hapendi kuamshwa.

Neno la kuonya: hakuna buti la kuvukia laga iliyofurika. Maji ya magotini yenye mbio humwangusha mtu na pikipiki yake. Abiria akikuhimiza, mwambie angoje. Maji ya laga hushuka, roho hairudi.

Ndugu zangu, sasa twafika penye jambo zito. Nani anunue?

Kwa wale wenye mwajiri, wanaotumwa kwa pikipiki na ofisi, na mashirika, na zahanati, jibu liko wazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamwagiza mwajiri kutoa na kutunza mavazi ya kinga yanayofaa pale kazi inapomweka mtu katika maji au hatari, na viatu vimo. Hii si hisani. Ombeni kwa barua, wengi mtie sahihi, mweke nakala.

Kwa dereva wa boda boda jambo ni gumu zaidi. Pikipiki ni ya tajiri, hesabu ya jioni ni ya tajiri, na mguu ni wa dereva. Tajiri huiwekea pikipiki tairi mpya bila kuulizwa, kwa kuwa bila tairi hakuna pato. Bila mguu wa dereva kuna pato gani? Hili mlinene kwa adabu, lakini mlinene mkiwa kundi. Mmoja akisema ataambiwa aache funguo. Steji nzima ikisema itasikilizwa.

Na wakati mnangoja, msikae bure. Tuseme watu 10 wa steji moja waweke shilingi 50 kila mmoja kwa siku. Ni shilingi 500 kwa siku, na kwa siku 6 ni 3,000. Wanunue kwa zamu, aanze yule anayekwenda safari za mbali. Tena duka huwasikiliza watu 10 kuliko mtu mmoja. Pale Kakuma, kundi hilo na liwe na mwenyeji na mkimbizi pamoja. Tope la Tarach halimwulizi mtu kitambulisho.

Wapo watakaocheka. Hata kofia ilichekwa. Huko Uingereza daktari Hugh Cairns, aliyemwuguza Lawrence baada ya ajali yake ya pikipiki mwaka 1935, alichunguza vichwa vya askari wapanda pikipiki, na mwaka 1941 jeshi lao likaamrisha kofia. Leo ninyi mnaivaa bila kuona haya. Siku ya buti nayo itafika, lakini haitafika yenyewe. Wanaoileta ni ninyi, kwa kuwekeana shilingi na kusema kwa sauti moja.

Umoja ni nguvu.