Kuchagua Redio Ndogo na Vicheza Muziki: Tupime Ubora Kabla ya Bei
Mada iliyotolewa kwa walaji, Nyashimo, Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu

Mada ya leo inahusu kifaa ambacho wengine hukiona kuwa kidogo mno kuzungumziwa hadharani: redio ya memori kadi, pamoja na spika ndogo zinazochezea muziki na kubebwa mkononi. Kifaa hiki kimeenea kila mahali. Mkulima huenda nacho shambani, mvuvi wa dagaa hukesha nacho ziwani katika usiku wa giza, na mama lishe hukiweka karibu na jiko lake. Hutuletea habari, mahubiri, taarifa za hali ya hewa na nyimbo za manju wetu.

Lakini tukumbuke kinanunuliwa kwa fedha gani. Hapa kwetu fedha nyingi za kaya huingia kwa msimu, pamba inapouzwa. Ndiyo majira ambayo wauzaji nao huongezeka magulioni na kandokando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Mtu akipoteza fedha za msimu kwa kifaa kibovu, atasubiri msimu mwingine. Kwa sababu hiyo yatupasa kujua namna ya kuchagua.

Kwanza, tuyajue mahitaji yetu

Kabla ya kuuliza bei, jiulize: nitakitumia wapi, na kwa kazi gani? Anayetaka taarifa ya habari nyumbani anahitaji redio inayokamata mawimbi vizuri; wingi wa taa za rangi hautamsaidia. Mawimbi ya FM hayafiki mbali sana na huzuiwa na vilima, kwa hiyo redio inayosikika vizuri hapa Nyashimo yaweza kukoroma kijijini kwako. Mvuvi ahitaji kifaa kinachostahimili maji. Baadhi ya vifaa huandikwa alama ya IPX4, maana yake vinastahimili kurushiwa maji. IPX7 maana yake vinaweza kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. Kifaa kisicho na alama yoyote kichukuliwe kuwa hakiwezi maji.

Aidha, huenda tayari unacho ukihitajicho. Simu nyingi za kitochi zina redio na nafasi ya memori kadi. Ikiwa ni kwa ajili ya masikio yako mwenyewe, simu hiyo yaweza kutosha, na fedha ikabaki mfukoni.

Pili, tusidanganywe na tarakimu za kwenye boksi

Boksi likiandikwa «wati 100», tufanye hesabu. Redio nyingi ndogo hutumia betri bapa ya volti 3.7 yenye ujazo wa takriban 1,000 mAh. Betri hiyo ikijaa hubeba nishati ya wati-saa 3.7. Kama kifaa kingetoa kweli wati 100, betri ingekwisha kwa takriban dakika mbili! Kifaa hicho kikicheza kwa saa tatu, basi kwa wastani hakitumii hata wati moja na nusu. Kwa hiyo tarakimu hiyo ni pambo la boksi. Sauti ipimwe kwa sikio: iongeze hadi karibu na mwisho, kisha usikilize iwapo maneno yanaeleweka au yanakwaruza.

Hali ni hiyo hiyo kwa betri. Betri ya duara yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, hata iliyotengenezwa vizuri, ujazo wake huwa karibu na 3,500 mAh. Ukikuta imeandikwa 9,900 mAh, elewa kuwa aliyeiandika hakusema kweli, nawe uyatilie shaka mengine yote aliyoyaandika. Betri nzuri pia huwa na uzito. Iliyo nyepesi kama ganda la yai si ya kuaminika.

Memori kadi nazo hughushiwa. Kadi huonesha GB 64, kumbe uwezo wake halisi ni GB 8. Nyimbo za mwanzo hucheza, zinazofuata hazifunguki. Lakini je, unahitaji GB 64? Wimbo wa dakika tano katika muundo wa kawaida wa MP3 huchukua takriban MB 5. Kwa hiyo kadi ya GB 8 hubeba nyimbo zipatazo 1,600. Kadi ndogo iliyo halali ina faida kuliko kadi kubwa ya kughushi. Uliza pia kifaa chenyewe husoma kadi ya ukubwa gani, maana vingi havisomi zaidi ya GB 32.

Tatu, tupime bei kwa muda wa matumizi

Natoa mfano wa hesabu tu, wala si bei ya soko. Redio moja inauzwa shilingi 18,000 na inadumu miezi 6. Nyingine inauzwa shilingi 45,000 na inadumu miaka 3. Ukigawa bei kwa miezi, ya kwanza inakugharimu shilingi 3,000 kila mwezi. Ya pili shilingi 1,250. Katika miaka mitatu, mwenye redio ya bei ndogo atakuwa amenunua redio sita, kwa shilingi 108,000.

Hata hivyo, nisieleweke kuwa kila kilicho ghali ni bora. Wapo wanaotoza bei kubwa kwa sababu ya umbo, taa na kelele za mnadi. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maswali ya kuuliza ni haya: je, betri inaweza kutolewa na kubadilishwa? Je, hupatikana hapa hapa au mpaka Mwanza? Je, fundi anaweza kukifungua na kubadilisha tundu la chaji, ambalo huharibika mapema? Je, kinapokea pia betri za kawaida, zile zinazoitwa mawe, siku ambayo umeme au sola haipo? Kifaa kinachotengenezeka kina thamani ya ziada isiyoandikwa kwenye boksi.

Nne, tujaribu kabla ya kulipa

Tusikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mbele ya muuzaji, tumia dakika chache kufanya haya:

1. Soma jina la kifaa herufi kwa herufi. Bidhaa bandia mara nyingi huiga jina maarufu kwa kubadili herufi moja.
2. Washa redio, tafuta stesheni mbili au tatu, kisha tembea nayo hatua kadhaa.
3. Weka memori kadi yako mwenyewe, usitegemee ya muuzaji. Cheza wimbo unaoufahamu vizuri, maana sikio lako litatambua kilichopungua.
4. Chomeka chaji, uone kama taa inawaka na kama tundu halilegei.
5. Bonyeza kila kitufe, pamoja na kile usichokusudia kukitumia.
6. Tazama kama betri imevimba. Iliyovimba ni ya hatari, usiinunue hata kwa punguzo.

Muuzaji anayekataza majaribio haya amekwisha kukupa jibu.

Tano, risiti na haki zetu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti ya mashine ya EFD, na umwombe muuzaji aandike aina ya kifaa, siku na muda wa waranti. Ahadi ya mdomo ya «kikikusumbua kirudishe» ni ngumu kuithibitisha baada ya wiki mbili.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, sifa au asili ya bidhaa. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara ya bidhaa zenye alama za kughushi. Maandishi ya «bidhaa ikishauzwa hairudishwi» hayamwondolei mnunuzi haki yake ya kutodanganywa. Kifaa kikiwa na kasoro, rudi kwanza kwa muuzaji na risiti yako, ueleze kwa utulivu. Asipokusikiliza, peleka malalamiko kwa maandishi kwenye Tume ya Ushindani, au kwa Shirika la Viwango Tanzania iwapo suala ni la ubora au usalama. Ukikwama, ofisi ya biashara ya halmashauri itakuelekeza pa kuanzia.

Nanyi wafanyabiashara, semeni ukweli kuhusu mnachouza. Mteja aliyetendewa haki hurudi, tena huja na jirani yake.

Mwisho, usalama

Betri za lithiamu zisiachwe juani wala kuchajiwa juu ya godoro. Kwa wanaotumia spika za masikioni, Shirika la Afya Duniani hushauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Redio ikiharibika hununuliwa nyingine. Sikio likiharibika halina duka. Hili tuwakumbushe hasa watoto wetu.

Ndugu zangu, msimu unakaribia, na wauzaji wameanza kupanga meza. Mtu asione haya kuuliza, kujaribu, na hata kuondoka mikono mitupu pale asiporidhika. Fedha ni ya jasho lenu, na uamuzi ni wenu.

Sasa nakaribisha maswali.