Moto wa Snapchat Unaowanyima Vijana Usingizi

Kwenye Snapchat marafiki wakitumiana picha kila siku, alama ya moto hutokea kando ya jina, pamoja na idadi ya siku. Saa 24 zikikaribia kwisha bila picha, huja alama ya saa ya mchanga. Basi kijana huamka usiku kupiga picha ya dari na kuituma. Hana la kusema; anahofia tu kuonekana amemtupa rafiki. Wengine humwachia mwenzao neno la siri awatumie. Moto ukizimika, kampuni huurudisha bure mara moja, kisha hudai malipo. Mzazi, kabla ya kumpokonya simu, muulize: leo unadaiwa picha na wangapi?