Umetisha: Hofu Iliyomo Ndani ya Maneno ya Sifa ya Kiingereza



Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alimaliza kusoma insha yake mbele ya darasa. Kabla sijafungua mdomo, kijana wa kiti cha nyuma akapaza sauti: "Umetisha!" Darasa zima likapiga makofi. Nilipomsimulia mwenzangu, alisikitika. Vijana wanaiharibu lugha, akasema. Kazi nzuri itawezaje kutisha? Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta tangu hapo, na nimelipata mbali kidogo, katika historia ya Kiingereza.

Chukueni neno "awe". Liliingia Uingereza na Waskandinavia, wale waliovuka bahari na kulowea pande za kaskazini na mashariki kuanzia karne ya 9. Kwao "agi" ilikuwa hofu tupu. Baadaye ikawa hofu ya mtu aliye mbele ya Mungu, ile ambayo Kiswahili kinaiita kicho, na anayekuwa nayo tunamwita mcha Mungu. Humo ndimo yalimotoka "awful" na "awesome". Katika kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755, "awful" bado ni kitu kinachoujaza moyo kicho. Leo mchuzi uliochacha ni "awful", na bao lililofungwa kutoka katikati ya uwanja ni "awesome". Ni watoto wa tumbo moja, mmoja kaangukia kwenye lawama, mwingine kapanda kwenye sifa.

"Terrific" nalo limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kutisha. John Milton, katika Paradise Lost ya 1667, alilitumia kuyaelezea manyoya ya shingoni mwa nyoka, na hakukusudia kumsifu. Maana ya uzuri ilishika mizizi baada ya karne mbili na zaidi. Ndugu yake "terrible" amebaki na ubaya, ingawa katika Biblia ya Kiingereza ya 1611 Mungu mwenyewe anaitwa hivyo, na ilikuwa ni kumtukuza.

Hata "admire" lilianzia mbali na mapenzi. Kilatini "mirari" ni kustaajabu, na kutokana na mzizi huo Kiingereza kina "miracle", yaani muujiza, na Shakespeare akapata jina la Miranda katika The Tempest. Horatio anapomweleza Hamlet kwamba mzimu wa baba yake umeonekana usiku, mshangao wa Hamlet unaitwa "admiration". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba neno hilo ni kuvutiwa, basi, atapotea hapo hapo, maana nani avutiwe na mzimu wa baba yake? Mpeni "kustaajabu" na mlango utafunguka. Staajabu yetu, iliyotoka kwenye Kiarabu, inabeba pande zote mbili hadi leo. Kazi ya ajabu ni sifa. Lakini anayeambiwa ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni hajaambiwa jambo la kumfurahisha.

Neno linalonigusa zaidi ni "fascinate". Siku hizi ni kumvutia mtu asibanduke. Kwa Warumi lilikuwa kuroga, hasa kwa jicho, na watoto wao walivishwa hirizi iliyoitwa "fascinum" ili jicho hilo lisiwapate. Aliyelelewa pwani hahitaji kufafanuliwa. Mgeni akimtazama mtoto mchanga, husema mashaallah kabla ya kusema jingine lolote, na mara nyingi mama keshampaka mtoto wanja kwenye paji la uso. Bibi yangu alikuwa akiusubiri mdomo wa mgeni, macho yake hayatoki kwa mtoto, na neno lile likichelewa alilisema yeye. Kisha angalieni "kuhusudu". Kwa Kiarabu hasadi ni kijicho, nasi bado tunaijua husuda kwa maana hiyo. Lakini mtu akisema anamhusudu mwandishi fulani, tunaelewa kwamba anampenda na kumheshimu. Kilatini na Kiswahili, bila kuulizana, viliona kwamba jicho linalopenda mno linakaa jirani na jicho linalodhuru.

Kwa hiyo mwenzangu nilimjibu, ingawa kwa kuchelewa, kwamba yule kijana hakuharibu kitu. Alipita njia iliyopitwa na "awesome" na "terrific", na aliipita kwa Kiswahili chake mwenyewe.

Na sikumwambia insha ile ilihusu nini. Ilikuwa ya usiku ambao baba wa msichana yule aliyeisoma, mvuvi, hakurudi kwa saa yake, na mama akakaa mlangoni na taa hadi mafuta yakaisha. Msomaji alipofika hapo, darasani hakuna aliyekohoa. Kijana wa nyuma, aliposema lile neno, alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.