MWANGA UKATAO CHUMA
(Maneno kwa wanachama wa Migori na Homa Bay)



Tumeulizwa kama ni kweli kuna mashine ikatayo chuma kwa mwanga. Ni kweli, wala si uchawi. Jina lake ni leza.

Tuanze na kazi tuijuayo, sisi wa reli na ninyi mafundi wa mageti na madirisha. Tukikata kwa gesi, moto hupasha chuma mpaka kiwe chekundu. Ndipo tunapofungua oksijeni. Chuma kinaungua, na upepo wake unasukuma nje kilichoyeyuka. Leza ni ndugu wa kazi hiyo, ila mwanga umeshika mahali pa moto. Mwanga wake hautawanyiki kama wa taa. Lenzi huukusanya mahali padogo kuliko milimita moja, na hapo chuma huyeyuka. Chuma cha kawaida hupulizwa oksijeni. Kisichoshika kutu hupulizwa naitrojeni ili kisiungue. Kompyuta huongoza mashine kwa kufuata mchoro.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1967, Peter Houldcroft na wenzake wa Uingereza walikata bamba la chuma la unene wa milimita 1 kwa leza na oksijeni. Leo viwanda hukata hivyo vyuma vya magari, meli na mabehewa, hata mbao na nguo. Mkato ni mwembamba, na mara nyingi hauhitaji tupa.

Lakini tuangalie hatari zake. Mwanga huo mara nyingi hauonekani, na ukirudishwa na chuma king'aacho waweza kumpofusha mtu kabla hajapepesa jicho. Miwani ya kuchomelea haitoshi. Moshi wa mabati huleta homa, na plastiki ya PVC ikikatwa hutoa gesi ya sumu.

Basi mashine hiyo ikiletwa kazini, tusiikatae, wala tusikae kimya. Tudai mambo matatu: kwanza, mafundi waliopo wafunzwe kabla ya kutafutwa wageni, pili, mashine ifunikwe, na miwani iwe ya leza hiyo hasa, tatu, moshi uvutwe nje. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atufunze na kutulinda. Mtu mmoja akidai huambiwa mkaidi. Tukidai pamoja tutasikilizwa.

Umoja ni nguvu.