Dawa ya Kichina ya Tumbo

Huko China, tumbo dhaifu hutibiwa tangu zamani kwa Si Jun Zi Tang: ginseng, baizhu, likorisi na uyoga uitwao fuling, vikachemshwa na kunywewa.

Lakini dawa ya miti si chai tu. Likorisi ikizidi hupandisha presha. Mmea mwingine, guan mu tong, uliharibu figo za watu, na China yenyewe ikaupiga marufuku mwaka 2003.

Basi mama, pakiti usiyoweza kuisoma usimpe mtoto. Akiharisha, mpe ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14, ukiendelea kumnyonyesha. Macho yakiingia ndani, au choo kikiwa na damu, mkimbize hospitali. Kama ulishampa dawa hiyo, beba pakiti yake, daktari aione.