Kupanua Mlango wa Boma

(Maneno ya fundi mmoja mbele ya kikundi cha kujisaidia)

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya ule ukuta wa kwetu ambao wengi wenu mliona tukiubomoa.

Ukuta huo niliujenga mimi mwenyewe mwaka wa 1994. Mlango niliacha mita 1 na nusu, kwa maana kwetu hakuna aliyekuwa na kitu kikubwa kuliko baiskeli. Basi mwaka jana mama akaugua usiku. Gari lilifika likasimama nje. Tukambeba mgonjwa juu ya godoro, mvua inanyesha, tukateleza mara mbili. Alipopona akaniuliza, "Mwanangu, huu ukuta wako unazuia wezi ama unanizuia mimi?" Sikuwa na jibu.

Kabla ya kushika nyundo, pimeni. Pikapu ya kawaida ina upana wa karibu mita 1 na sentimita 80, na hapo vioo bado. Lakini gari haliingii likiwa limenyooka. Linapinda kutoka barabarani, na barabara zetu mnazijua. Sisi tulienda uwanjani, tukachora barabara kwa majivu, tukasimamisha vijiti viwili kama nguzo za geti, tukamwomba dereva ajaribu. Kwa mita 3 aliangusha kijiti kila mara. Kwa mita 3 na nusu akapita vizuri. Afadhali kuangusha kijiti.

Halafu kumbukeni nguzo. Ukitaka nafasi ya mita 3 na nusu, na kila nguzo ni sentimita 40, itabidi ubomoe mita 4 na sentimita 30. Wengi husahau hapa, wakajikuta na geti lisilotosha.

Kubomoa huanzia juu, mstari mmoja wa mawe baada ya mwingine, kwa patasi na nyundo. Kuna fundi ninayemjua alianza chini ili amalize haraka. Ukuta ulimlalia toroli, na yeye alikuwa ametoka hapo dakika hiyo hiyo. Watoto wafukuzwe kabisa. Pale unapoishia, usikate wima. Acha jiwe moja limetokeza na lingine limeingia ndani, ili nguzo mpya ishikane na ukuta wa zamani. Mawe mazima msitupe. Yabandueni simiti ya zamani, mtajengea nguzo.

Nguzo ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu geti la chuma huivuta mchana na usiku. Sisi tulichimba futi 3, tukasimamisha vyuma katikati, tukajaza zege ya simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Imwagilieni maji siku 7, asubuhi na jioni. Geti zito lingojee siku 28. Jirani atawacheka kwamba mnalala na boma wazi. Fungeni kwa miti na seng'enge.

Sasa niseme kosa langu. Mbele ya mlango kuna mtaro wa barabara. Mimi niliujaza mawe ili gari lipite. Mvua ya kwanza, maji yakageuka yakaingia kwenye maharagwe ya jirani, mama mjane. Nilienda kuomba msamaha na jembe mkononi, nikafukua yote, nikaweka kalvati. Kando ya barabara si shamba letu. Muulizeni chifu na ofisi ya kaunti ya barabara kabla ya kugusa mtaro, na jirani aliye upande wa chini aitwe siku ya kupima, si siku ya mafuriko.

Jumamosi tunaanza kwa katibu wetu, ambaye mlango wake ni mwembamba kuliko wangu. Mwenye patasi aje nayo. Kamba na majivu nitaleta mimi.